Mkaratusi wa Arua na Koboko: mti wa haraka, faida ya subira

ARUA, Uganda – Katika barabara inayotoka Vurra, mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, mti wa biashara unaojulikana na kila mtu ni mkaratusi. Wengine huuita mkalitusi, na wasafirishaji wanaotoka Kampala huufahamu zaidi kwa jina la Kiganda, kalitunsi. Kuni zake hupika, fito zake huezeka, nguzo zake hushikilia majukwaa ya mafundi ujenzi, na maua yake hulisha nyuki.

Pamoja na umaarufu huo, wengi wanaounua na kuusafirisha hupoteza fedha pasipo sababu. Mkulima hukata mti kabla ya wakati, mnunuzi hulipa kwa kukadiria kwa macho, na mwenye lori hubeba maji akidhani anabeba mbao. Makala haya yanaeleza mti huu ni upi, ulifikaje, unanunuliwa kwa kazi gani, na mambo ambayo mfanyabiashara anapaswa kuyakagua kabla ya kutoa fedha au kuwasha gari.

Mti wenyewe

Mikaratusi ni jamii kubwa yenye aina zaidi ya 700, na karibu zote asili yake ni Australia. Jina Eucalyptus lilitolewa na mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, Charles Louis L'Héritier, mwaka 1788, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kufunikwa vizuri". Ua la mti huu halina petali za kuonekana. Chipukizi la ua hufunikwa na kofia ndogo ngumu. Kofia hiyo ikidondoka, nyuzi nyingi nyeupe hutokeza nje na kulifanya ua lionekane kama brashi ndogo.

Aina iliyopandwa zaidi nchini Uganda ni Eucalyptus grandis. Kwao ni pwani ya mashariki ya Australia, katika majimbo ya New South Wales na Queensland, kwenye mabonde yenye mvua nyingi na udongo wenye kina. Huko mti uliokomaa hufikia urefu wa meta 50 na zaidi. Shina lake ni laini na jeupe au la kijivu, isipokuwa sehemu ya chini karibu na ardhi ambako gome huwa gumu na la kukwaruza, kana kwamba mti umevaa soksi. Majani yake ni ya kijani kilichokolea upande wa juu na hafifu upande wa chini. Maua ni meupe na hutoka kwa vishada, mara nyingi saba kwa pamoja.

Aina ya pili ambayo mfanyabiashara wa West Nile atakutana nayo ni Eucalyptus camaldulensis. Hii inavumilia ukame zaidi, mbao zake ni nzito na nyekundu zaidi, lakini shina lake mara nyingi halinyooki kama la grandis. Kuna pia miche chotara inayozalishwa kwa vikonyo badala ya mbegu, ambayo huchanganya grandis na aina nyingine ili kupata mti unaokua haraka na kunyooka. Miche hiyo ni ghali kuliko ya mbegu. Anayeinunua anapaswa kujua inatoka kitalu kipi na ilichaguliwa kwa ajili ya ukanda upi, kwani chotara inayofanya vizuri kwenye baridi na mvua inaweza kushindwa kwenye joto la bonde la Nile.

Mji wa Arua uko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,200, na mvua yake hunyesha kwa msimu mrefu kuanzia Aprili hadi Novemba. Hali hiyo inaifaa grandis. Ukishuka kuelekea mtoni, upande wa Rhino Camp, joto huongezeka na mvua hupungua, na huko camaldulensis au chotara zake ndizo huvumilia.

Ulivyofika

Katika Afrika Mashariki mkaratusi ulikuja kama mti wa nishati. Nchini Ethiopia ulipandwa Addis Ababa tangu miaka ya 1890, enzi ya Mfalme Menelik II, kwa sababu mji mpya ulikuwa umemaliza kuni za jirani. Nchini Kenya uliletwa mwaka 1902 ili kupata kuni za injini za treni za Reli ya Uganda. Nchini Uganda ulianza kupandwa karibu mwaka 1912.

Katika West Nile mti huu ulisukumwa mbele na tumbaku. Tumbaku ya kukaushwa kwa moto huhitaji kuni nyingi ndani ya mabani, na kadiri kilimo hicho kilivyopanuka ndivyo miti ya asili ilivyopungua. Kampuni ya British American Tobacco, ambayo kwa miaka mingi ilinunua majani ya wakulima wa eneo hilo, iliwahimiza wakulima wake kupanda mikaratusi kwa ajili ya mabani. Katika miaka ya 2013 na 2014 kampuni hiyo ilijiondoa katika ununuzi wa majani nchini Uganda, lakini miti iliyopandwa ilibaki mashambani. Visiki vilivyokusudiwa kukausha tumbaku vikawa mtaji wa soko la ujenzi.

Msukumo wa pili ulitoka serikalini. Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 ilianzisha Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, na kuweka wazi kwamba mti uliopandwa na mtu kwenye ardhi yake ni mali yake. Kuanzia mwaka 2004 mpango wa ruzuku kwa wapandaji miti ya mbao, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na Norway, uliwavuta wawekezaji binafsi katika kilimo cha miti nchini Uganda. Kwa mkulima mdogo, jambo kubwa lilikuwa kuelewa kwamba shamba la miti ni kama akaunti ya akiba: linaweza kuuzwa siku ya shida.

Msukumo wa tatu ni vita vya Sudan Kusini. Mapigano yaliyoanza Desemba 2013 na kuzuka upya Julai 2016 yaliwaleta mamia ya maelfu ya watu West Nile. Makazi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe yalifunguliwa Agosti 2016, na kabla mwaka haujaisha yalikuwa na watu zaidi ya 250,000. Imvepi ilifunguliwa upya Februari 2017. Rhino Camp ilipanuliwa, na Lobule wilayani Koboko iliendelea kupokea watu. Kila familia ilihitaji nguzo za kibanda na kuni za kila siku. Miti ya asili iliyo karibu na makazi hayo ndiyo iliyoumia kwanza, na mkaratusi uliopandwa ukawa na mnunuzi mpya.

Nani ananunua, na kwa kazi gani

Mti mmoja wa mkaratusi unaweza kuuzwa kwa bidhaa tano tofauti, kulingana na umri wake.

Kuni na fito. Mti wa miaka 3 hadi 5. Wanunuzi ni wachoma matofali, wenye hoteli, shule za bweni, waokaji mikate na wakulima wa tumbaku waliobaki. Thamani kwa uzito ni ndogo, kwa hiyo safari ndefu hula faida yote.

Nguzo za ujenzi. Mti wa miaka 4 hadi 6. Hutumika kwenye paa, vibanda vya soko, uzio, na kushikilia zege na majukwaa wakati wa kujenga ghorofa. Hii ndiyo biashara kubwa ya mkaratusi katika miji inayokua, na Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, ni mmoja wa miji hiyo.

Nguzo za umeme. Mti wa miaka 8 hadi 12, ulionyooka, usio na mafundo makubwa. Nguzo hizi hukaushwa kisha huwekewa dawa kwa shinikizo ndani ya tangi la chuma. Dawa inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, ambao huipa mbao rangi ya kijani. Pasipo dawa, nguzo ya grandis iliyochimbiwa ardhini huliwa na mchwa au kuoza katika muda mfupi.

Mbao za kupasua. Mti wa miaka 14 na kuendelea. Hutoa mbao za kenchi, vitanda na fremu. Hapa mkaratusi unashindana na mbao ngumu za Kongo, kama mvule na mkangazi, ambazo kwa miaka mingi zimeingia Arua kutoka Ituri, na msaji unaotoka Sudan Kusini kupitia Koboko.

Asali. Maua ya grandis yana nekta nyingi, na nchini Afrika Kusini aina hii ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya chakula cha nyuki. West Nile ni eneo la wafugaji nyuki wa siku nyingi, na Uganda iliruhusiwa kuuza asali katika soko la Umoja wa Ulaya mwaka 2005. Mzinga uliowekwa pembezoni mwa shamba la mikaratusi humpa mkulima kipato kabla mti haujakatwa, na humpa sababu ya kuuacha ukue.

Ifahamike kwamba mafuta ya mkaratusi yanayouzwa madukani kwa mafua na kifua hutokana zaidi na aina nyingine, hasa Eucalyptus globulus. Anayenunua majani ya grandis kwa matumaini ya kukamua mafuta hayo atapata kidogo.

Hesabu ya kipenyo

Hasara kubwa katika biashara hii hutokea shambani, kabla lori halijafika. Mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa huuza haraka, na anayeuza haraka hapangi bei. Mnunuzi naye hutazama shamba, huhesabu kwa macho, hutaja kiasi kimoja kwa miti yote, na miti midogo huondoka pamoja na mikubwa.

Kinachosahaulika ni kwamba ujazo wa mti hauongezeki sawa na unene wake. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, ujazo huongezeka mara nne kwa urefu uleule. Nguzo yenye kipenyo cha sentimeta 16 ina mbao mara nne ya nguzo yenye sentimeta 8. Kwa kuwa mti mnene pia huwa mrefu, tofauti halisi ni kubwa zaidi. Mkulima anayekata mti wa sentimeta 8 anauza kuni. Akiuacha miaka mingine michache, mti huohuo unaingia katika soko la nguzo za umeme au mbao.

Kupima ni rahisi. Zungusha utepe wa fundi cherehani kwenye shina, kwenye usawa wa kifua, kisha gawanya kwa 3.14. Mzingo wa sentimeta 50 ni sawa na kipenyo cha sentimeta 16. Shamba lililopandwa kwa nafasi ya meta 3 kwa 3 lina miti 1,111 kwa hekta, sawa na takriban 450 kwa ekari, ikiwa hakuna iliyokufa. Shamba la meta 2 kwa 2 lina miti 2,500 kwa hekta, lakini miti yake itakuwa myembamba kwa sababu inagombania maji na mwanga. Pima miti 20 au 30 katika mistari tofauti, siyo ile ya pembeni peke yake, kwani miti ya pembeni hupata jua zaidi na hunenepa kuliko ya katikati.

Njia inayompa mkulima ada ya shule bila kumaliza shamba ni kupunguza: kuuza kwanza miti iliyopinda na iliyobanana, na kuiacha iliyonyooka ikue. Mnunuzi wa fito anapata mzigo wake, na baada ya miaka kadhaa mnunuzi wa nguzo naye anapata wake.

Hesabu ya uzito

Kwa msafirishaji, adui mkubwa ni maji. Gogo changa la grandis lililokatwa leo huwa na uzito wa karibu kilo 900 kwa kila meta moja ya ujazo, na karibu nusu ya uzito huo ni maji. Likikauka hadi kiwango cha unyevu cha asilimia 20, uzito hushuka hadi kiasi cha kilo 500.

Chukua mfano wa nguzo ya meta 6 yenye kipenyo cha wastani cha sentimeta 12. Ikiwa mbichi ina uzito wa takriban kilo 60. Ikiwa kavu ina takriban kilo 35. Lori la tani 7 litabeba zaidi kidogo ya nguzo mbichi 110, au karibu nguzo kavu 200. Mafuta ya gari ni yaleyale, dereva ni yuleyule, ushuru wa njiani ni uleule, lakini gharama ya usafiri kwa nguzo moja inakaribia kupungua kwa nusu.

Kukausha hakuhitaji mashine. Nguzo humenywa gome, hupangwa juu ya magogo ili zisiguse ardhi, huachiwa nafasi ya hewa kupita, na huwekwa kivulini. Kiangazi cha Desemba hadi Machi ndicho kipindi kizuri katika West Nile. Kuziacha juani kunaharakisha kukauka kwa nje huku ndani kukiwa kubichi, na matokeo yake ni nyufa.

Kukagua mzigo

Grandis ina tabia ya kupasuka kwenye ncha mara tu inapokatwa, kwa sababu shina linalokua haraka huwa na mkazo ndani yake. Mnunuzi wa nguzo na magogo akague ncha zote mbili. Ufa mdogo wa juu si tatizo kubwa, lakini ufa unaovuka katikati na kuingia ndani utaendelea hadi kuigawa nguzo. Viwanda vingi hugonga vibati vya chuma kwenye ncha ili kuzuia jambo hilo.

Mbao zilizopasuliwa mbichi hupinda na kujikunja zikikauka. Kenchi iliyojengwa kwa mbao mbichi za mkaratusi inaweza kuonekana nzuri siku ya kukabidhi na kuvuta bati baada ya miezi michache. Ni afadhali kulipa zaidi kwa mbao zilizokaa na kukauka, au kununua mapema na kuzikausha mwenyewe chini ya uzito.

Kwa nguzo zilizowekewa dawa, rangi ya kijani ya nje peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Omba kuona kipande kilichokatwa: dawa inapaswa kuwa imeingia kwenye mbao nyeupe ya nje, siyo kupakwa juu kama rangi. Aidha, mabaki ya nguzo hizo yasitumike kama kuni hata kidogo. Aseniki iliyomo hutoka na moshi na kubaki kwenye majivu, na ni sumu. Onyo hili liwafikie wenye hoteli na wachoma nyama wanaouziwa vipande kwa bei ya chini.

Mchwa, nyigu na moto

Mche mchanga wa grandis una maadui watatu katika eneo hili. Wa kwanza ni mchwa, wanaokata mizizi na gome katika mwaka wa kwanza. Wa pili ni nyasi: mkaratusi mdogo hauwezi kushindana na majani, na shamba lisilopaliliwa mwaka wa kwanza hudumaa. Wa tatu ni moto wa kiangazi, ambao huvuka kutoka kwenye mbuga zinazochomwa kwa ajili ya malisho au uwindaji. Shamba lisilo na njia ya kuzuia moto ni akiba iliyowekwa kwenye nyumba isiyo na mlango.

Kuna pia wadudu waliofuata mti huu kutoka kwao Australia. Nyigu mdogo aitwaye Leptocybe invasa, ambaye hutaga mayai kwenye mishipa ya majani na vikonyo na kusababisha vinundu, alionekana Kenya na Uganda mwaka 2002. Hushamiri zaidi kwenye maeneo ya joto, na camaldulensis na baadhi ya chotara zake ndizo huumia sana. Anayenunua miche akague majani: yenye vinundu yaachwe kitaluni.

Mti ukishakatwa haufi. Kisiki hutoa machipukizi, na shamba moja linaweza kuvunwa mara tatu au zaidi bila kupanda upya. Sharti ni kukata kwa msumeno, kwa mteremko mdogo ili maji yasitulie, karibu sentimeta 10 kutoka ardhini, kisha kupunguza machipukizi hadi kubaki moja au mawili kwa kila kisiki. Mkataji anayelipuliza kisiki kwa shoka humwachia mkulima hasara ya mavuno yajayo, na mnunuzi makini huliweka sharti hilo kwenye makubaliano.

Maji na sheria

Malalamiko ya kwamba mkaratusi "unakunywa mto" si maneno ya bure. Mti unaokua haraka hutumia maji mengi, na ukipandwa kwenye chemchemi au bondeni athari huonekana. Nchini Kenya mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na mito ing'olewe. Nchini Uganda kanuni za mwaka 2000 kuhusu maeneo oevu na kingo za mito zinataka kuachwa ukanda wa hifadhi wa meta 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, na meta 30 kwa mito mingine.

Kwa mfanyabiashara jambo hili si la mazingira tu. Mzigo uliokatwa ndani ya ukanda wa mto unaweza kuzuiwa, na fedha ya malipo ya awali ikapotea. Kabla ya kulipa, tembea hadi mwisho wa shamba uone linapakana na nini.

Mkaa ni suala jingine. Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda. Anayefikiria kugeuza matawi ya mikaratusi kuwa mkaa aulize kwanza ofisi ya misitu ya wilaya, siyo mwenye shamba.

Karatasi za njiani na mpakani

Ndani ya Uganda, mzigo wa mazao ya misitu huhitaji kibali cha kusafirisha. Kwa mti wa shamba binafsi, mwanzo ni barua ya mwenyekiti wa kijiji inayothibitisha mmiliki, kisha ofisa misitu wa wilaya. Kwa mti wa hifadhi ya taifa, mwenye mamlaka ni NFA, na magogo au mbao hugongwa alama kwa nyundo maalumu. Idadi na aina iliyoandikwa kwenye kibali ilingane na iliyomo kwenye lori. Tofauti ndogo hugeuka mazungumzo marefu kizuizini.

Mpakani huongezeka vitu vitatu: tamko la forodha kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, cheti cha afya ya mimea kutoka kwa mkaguzi wa Wizara ya Kilimo, na cheti cha uasilia kinachoonyesha kuwa mti ulikua Uganda. Kwa mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti cha uasilia kilichorahisishwa, kinachopatikana kwenye kituo cha forodha mpakani. Wafanyabiashara wadogo wengi huvuka bila kukiomba, na baadaye hulipa ushuru ambao wangeweza kuuepuka kihalali.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Hata hivyo, uanachama haujafuta ada zote kwenye vituo. Upande wa Kongo, kwa wanaoelekea Aru na Ariwara kupitia Vurra, Lia au Odramachaku, msafirishaji hukutana na idara ya forodha DGDA, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa OCC, na uhamiaji wa DGM, kila mmoja na risiti yake. Upande wa Oraba na Kaya, hali ya usalama wa barabara ya kwenda Yei iulizwe siku ya safari. Kilugbara huzungumzwa pande zote za mpaka wa Kongo, na Kikakwa katika nchi zote tatu, kwa hiyo taarifa hizo hupatikana kwa kuuliza tu.

Barabara

Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye urefu wa kilometa 92, ilitiwa lami katika muongo wa 2010. Kabla ya hapo mvua ilikuwa inaamua bei; sasa shamba lililo karibu na lami lina thamani kuliko shamba zuri zaidi lililo kilometa 15 ndani. Mnunuzi ahesabu gharama ya kutoa mzigo shambani hadi barabarani kama gharama ya kwanza, siyo ya mwisho.

Kwa mzigo unaotoka au kwenda kusini, daraja la Karuma na lile la Pakwach ndiyo milango. Daraja la Karuma lilipofungwa Septemba 2024 kwa matengenezo ya takriban miezi mitatu, magari yalilazimika kuzunguka kupitia njia ndefu au kutumia vivuko. Mfano huo unaonyesha faida ya mti uliopandwa nyumbani: nguzo ya Maracha au Terego haihitaji daraja ili ifike Arua.

Kwa kifupi

Mkulima apime kabla ya kuuza, apunguze badala ya kufyeka, na asiruhusu kisiki kiharibiwe. Mnunuzi alipe kwa kipenyo na idadi, siyo kwa macho, na akague ncha, mpaka wa shamba na barua ya mmiliki. Msafirishaji asibebe mbichi anapoweza kusubiri kavu, na karatasi zake zilingane na mzigo. Mkaratusi hukua wenyewe kwa haraka. Katika Arua na Koboko, anayepata faida ni yule aliyekubali kuusubiri miaka michache ya ziada, na mzigo wake miezi miwili ya kiangazi.